Vyombo vya Kuazima: Norman Heatley na Kazi ya Kutengeneza Dawa

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, tunasimuliwa habari za mjane aliyeachiwa deni na marehemu mumewe, hata mdai akataka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nyumbani kwake hakuwa na kitu ila mafuta kidogo katika chupa. Nabii Elisha alimwagiza aende kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena vingi, kisha ajifungie ndani na wanawe, amimine. Mama yule alimimina na mafuta yakaendelea kutoka, mpaka kijana wake alipomwambia kwamba hakuna chombo kingine. Hapo mafuta yakakoma.

Wahubiri wengi, na sisi tukiwamo, tumelihubiri neno hili mara nyingi kwa kuyatazama mafuta. Mara chache tumesimama kwenye vyombo. Lakini habari yenyewe inaeleza wazi kwamba kipimo cha muujiza kilikuwa vyombo. Mafuta hayakukoma kwa sababu mkono wa Mungu ulipungukiwa. Yalikoma kwa sababu hapakuwa tena na mahali pa kuyapokea.

Katika insha hii tunataka kusimulia maisha ya kazi ya mtafiti mmoja Mwingereza, Norman Heatley, ambaye sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa kutafuta vyombo. Hatuziandiki habari zake kama za mtakatifu, wala hatumfanyi mhubiri. Tunaziandika kwa sababu kazi aliyoifanya imewagusa karibu wote watakaosoma kitabu hiki, nao wengi wao hawajawahi kulisikia jina lake.

Ukungu uliongoja miaka kumi

Kila mwanafunzi wa sekondari amefundishwa kwamba penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, alipoona ukungu ulioingia kwenye kisahani chake umewaua bakteria waliokuwa karibu. Hilo ni kweli. Mwaka uliofuata alichapisha habari za ugunduzi huo. Lakini yale maji ya ukungu yalikuwa na penisilini kidogo mno, nayo iliharibika upesi kila walipojaribu kuitenga. Zaidi ya miaka kumi ilipita bila mgonjwa wa maambukizi ya damu kuponywa kwayo. Dawa ilikuwa imejulikana, na wakati huohuo haikuwepo.

Tuseme wazi maana ya jambo hilo. Katika miaka hiyo kumi, mama aliyepata homa ya uzazi, mtoto mwenye nimonia na mkulima aliyekatwa na jembe mguu ukaoza, wengi wao walikufa huku jina la dawa yao likiwa limekwisha kuandikwa kwenye jarida. Kujua ni jambo moja, na kumfikishia mgonjwa kitandani kile kinachojulikana ni jambo jingine.

Mwaka 1939, katika Chuo Kikuu cha Oxford, Profesa Howard Florey, daktari aliyezaliwa Australia, na Ernst Chain, mwanabiokemia Myahudi aliyeukimbia utawala wa Hitler, waliamua kuichunguza upya penisilini. Kijana Norman Heatley alikuwa akifanya kazi nao. Alizaliwa mwaka 1911 huko Woodbridge, mashariki mwa Uingereza, baba yake akiwa daktari wa mifugo. Alisoma Cambridge na kupata shahada ya udaktari wa falsafa mwaka 1936. Mwaka ule wa 1939 alikuwa amejiandaa kwenda Copenhagen kwa masomo zaidi, lakini vita vikaanza na safari ikafa. Florey akamwomba abaki. Mlango ulifungwa na mtu akabaki mahali ambapo hakupanga kubaki. Sisi tuliopangiwa vituo vya kazi tusivyovitarajia tunalielewa jambo hilo.

Fundi wa maabara

Heatley alikuwa msomi mwenye mikono ya fundi. Aliweza kufanya kazi ya kioo, ya mbao, ya mabomba na ya umeme. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kuukuza ukungu na kutafuta namna ya kupima kiasi cha penisilini. Alitengeneza njia rahisi: vimirija vifupi vya kioo vinasimamishwa juu ya kisahani chenye bakteria, kila kimirija kinatiwa maji yanayopimwa, kisha unasubiri na kupima upana wa duara ambamo bakteria wamekufa. Duara likiwa pana, dawa ni nyingi. Kwa njia hiyo kikapatikana kipimo ambacho dunia ilikuja kukiita yuniti ya Oxford. Bila kipimo hakuna anayeweza kusema kama kazi ya leo imezidi ya jana.

Tatizo kubwa lilikuwa kuitenga penisilini bila kuiua. Ilijulikana kwamba maji ya ukungu yakitiwa asidi na kuchanganywa na etha, penisilini huhama kutoka kwenye maji na kuingia kwenye etha. Lakini kuitoa humo ikiwa hai ndiko kulikowashinda. Heatley alipendekeza jambo ambalo kwa wakubwa wake lilionekana la kitoto: mbona tusiirudishe kwenye maji kwa kuichanganya etha ile na maji yasiyo na asidi? Walipojaribu, penisilini ilirudi kwenye maji ikiwa safi zaidi, na uchafu mwingi ukabaki nyuma. Yote hayo yalipaswa kufanywa kwa haraka na katika baridi kali, kwa maana asidi na joto viliiharibu.

Jumamosi tarehe 25 Mei 1940, siku moja kabla jeshi la Uingereza halijaanza kuondolewa Dunkirk, panya wanane walidungwa bakteria wa kuua. Wanne walipewa penisilini, wanne hawakupewa. Heatley alikesha maabara akiwaangalia. Ilipofika saa kumi kasorobo alfajiri, wanne wasiopewa dawa walikuwa wamekufa wote, na wanne waliopewa walikuwa hai. Akapanda baiskeli yake akarudi nyumbani katika giza la mji uliozimwa taa kwa hofu ya ndege za adui. Siku zile walihofia Wajerumani wangevuka bahari, kwa hiyo walisugua mbegu za ukungu kwenye bitana za makoti yao, ili hata wakikimbia na kuacha kila kitu, mmoja wao abaki na mbegu ya kuanzia upya.

Krismasi ya mwaka 1940

Panya ni mdogo na binadamu ni mkubwa. Kwa hesabu yao, ilihitajika lita 2,000 hivi za maji ya ukungu ili kupata dawa ya kumtibu mtu mmoja mwenye maambukizi makali. Ukungu huo uliota juu ya maji yasiyo na kina, hivyo vilihitajika vyombo vipana na vifupi, vingi sana. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vimeelemewa na vita, na havikuweza kuibeba kazi hiyo.

Hapo Heatley akawa kama yule mjane. Alijaribu makopo ya biskuti. Alijaribu beseni na chupa za kila namna. Katika vyote, kilichofaa kuliko vingine kilikuwa chombo cha kujisaidia mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, kile ambacho wauguzi hukibeba kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa. Kwa mfano huo alichora chombo cha udongo chenye mdomo pembeni, kinachoweza kulazwa kimoja juu ya kingine na kuoshwa kwa urahisi. Kiwanda kimoja cha vyungu katika eneo la Stoke kikakubali kuvifinyanga. Tarehe 23 Desemba 1940 Heatley alikwenda na gari la kuazima kuchukua vyombo 174 vya kwanza, akavirudisha Oxford. Vikaoshwa na kusafishwa kwa mvuke. Siku mbili baadaye, yaani siku yenyewe ya Krismasi, vikatiwa mbegu za ukungu.

Hatutaki kulifanya tukio hilo kuwa fumbo. Lakini kanisa linaloadhimisha kwamba Neno alifanyika mwili na kulazwa katika hori la ng'ombe halina sababu ya kuona aibu kwamba dawa iliyookoa mamilioni ya watu ililelewa katika vyombo vilivyoigwa kutoka choo cha wagonjwa.

Mashine ya kusafishia dawa nayo ilijengwa kwa vitu vya kuokoteza: chupa, makopo ya maziwa, bafu la kuogea, kengele ya mlangoni, na rafu iliyotupwa na maktaba ya chuo kikuu. Wasichana sita waliajiriwa kuhudumia vyombo na kuifanya kazi ya kutenga dawa katika chumba cha baridi, wakiwa wamevaa makoti na glavu. Vitabu vingi vya historia huwataja kwa sentensi moja. Sisi tunaamini walistahili zaidi.

Askari aliyekufa dawa ilipokwisha

Tarehe 12 Februari 1941, katika Hospitali ya Radcliffe mjini Oxford, mgonjwa wao wa kwanza alipewa penisilini kwa nia ya kumponya. Alikuwa askari polisi, Albert Alexander, mwenye umri wa miaka 43. Maambukizi yalikuwa yameenea usoni na kichwani, hata jicho moja lilikuwa limekwisha kuondolewa. Kwa siku chache yalionekana mambo ambayo madaktari hawakuwahi kuyaona: homa ilishuka, uvimbe ukapungua, mgonjwa akaanza kula.

Lakini dawa ilikuwa kidogo. Walikusanya mkojo wake, wakaubeba kwa baiskeli hadi maabara, wakaitoa humo penisilini iliyopita mwilini, wakamrudishia. Siku ya tano dawa ikaisha kabisa. Kwa muda alionekana kushikilia, kisha ugonjwa ukarudi. Tarehe 15 Machi 1941 Albert Alexander akafariki.

Hakufa kwa sababu dawa haikufaa, maana ilifaa. Hakufa kwa sababu madaktari walikuwa wavivu. Alikufa kwa sababu vyombo vilikwisha. Baada yake Florey na wenzake walichagua zaidi kuwatibu watoto, kwa sababu mwili mdogo unahitaji dawa kidogo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini ni uchungu kwa mtu yeyote kulazimika kuupima uhai kwa ukubwa wa mwili.

Hapa tunaomba ndugu wachungaji watuvumilie. Tunaposimama kwenye msiba tuna maneno tuliyoyazoea. Tunasema kazi ya Mungu haina makosa. Tunasema siku zake zilikuwa zimetimia. Maneno hayo yana mahali pake, nayo yamewafariji wengi, na sisi wenyewe tumefarijiwa nayo. Lakini je, tungeyasema bila kusita juu ya kaburi la Albert Alexander, mbele ya Heatley aliyejua ni gramu ngapi zilizopungua? Miaka mitatu baadaye mtu mwenye ugonjwa kama ule angeweza kupona. Mapenzi ya Mungu hayakubadilika ndani ya miaka hiyo mitatu. Kilichobadilika ni idadi ya vyombo. Hatusemi kwamba kila kifo kina mkono wa mwanadamu nyuma yake, wala kwamba waombolezaji wabebeshwe hatia. Tunasema tu kwamba kabla ya kumtwika Mungu kifo, yafaa tuulize kama vyombo vilitosha.

Maji ya mahindi

Mwishoni mwa mwezi Juni 1941 Florey na Heatley waliondoka Uingereza, wakapitia Lisbon, na tarehe 2 Julai wakafika New York. Walitafuta nchi ambayo viwanda vyake vilikuwa mbali na mabomu. Walielekezwa Peoria, katika jimbo la Illinois, kwenye maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Eneo lile ni la wakulima wa mahindi, na viwanda vya kutengeneza wanga vilibaki na maji mazito yaliyolowekewa mahindi, ambayo hayakuwa na thamani kubwa. Mtafiti wa pale, Andrew Moyer, aliyatia maji hayo kwenye chakula cha ukungu pamoja na sukari ya maziwa, na penisilini ikaongezeka mara kumi hivi. Sisi tunaokula ugali kila siku tunaweza kufurahi kwa siri kusikia kwamba mahindi yalikuwa na sehemu yao katika jambo hili.

Heatley alibaki Peoria mpaka Desemba, akimfundisha Moyer yote aliyoyajua. Kisha akahamia kampuni ya Merck, huko Rahway, New Jersey, akasaidia hadi katikati ya mwaka 1942. Mwezi Machi mwaka huo, mjini New Haven, mama mmoja aitwaye Anne Miller alikuwa akifa kwa maambukizi ya damu baada ya mimba kuharibika. Alipewa penisilini iliyotoka Merck, karibu nusu ya yote iliyokuwepo Marekani wakati ule. Alipona, akaishi mpaka mwaka 1999, akiwa na miaka 90. Mtu mmoja alihitaji nusu ya dawa ya nchi nzima. Vyombo vilikuwa bado vichache.

Kisha wahandisi wakafanya lililokuwa likingojewa. Badala ya kuuacha ukungu uote juu ya maji katika vyombo vidogo, waliukuza ndani ya matangi makubwa huku hewa safi ikipulizwa na mchanganyiko ukikorogwa. Mwezi Machi 1944 kampuni ya Pfizer ilifungua kiwanda cha namna hiyo Brooklyn. Dozi iliyogharimu dola 20 mwaka 1943 ilishuka hadi senti 55 mwaka 1946.

Mafuta yale yalimiminika hata kwetu. Kuanzia mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walizunguka katika nchi 46 wakiwatibu wagonjwa wa buba kwa sindano ya penisilini. Mpaka leo wajawazito wenye kaswende huchomwa sindano hiyo katika vituo vyetu vya afya, ili mtoto azaliwe salama, na bei yake haimshindi mtu wa kawaida.

Jina lililoachwa

Moyer alipochapisha matokeo ya kazi ya Peoria, aliliacha jina la Heatley, ingawa walikuwa wamekubaliana kuandika pamoja, naye akachukua hataza za njia zile kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1945 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Fleming, Florey na Chain. Kanuni za tuzo haziruhusu washirikiane zaidi ya watu watatu. Heatley akabaki nje.

Alirudi Oxford, akaendelea na kazi yake mpaka alipostaafu, bila kufanya ugomvi. Aliwahi kujieleza kuwa mwanasayansi wa daraja la tatu aliyebahatika kuwa mahali palipofaa kwa wakati uliofaa. Mwaka 1990 chuo kikuu kilimpa shahada ya heshima ya udaktari wa tiba, ambayo katika miaka 800 ya historia yake hakikuwahi kumpa mtu asiye daktari. Alikuwa na karibu miaka 80. Alifariki tarehe 5 Januari 2004, siku chache kabla ya kutimiza miaka 93.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho waliokuwa wakigombania majina ya wakubwa wao kwamba mmoja hupanda, mwingine hutia maji, lakini mwenye kukuza ni Mungu. Na Luther alifundisha kwamba Mungu hutenda kazi yake akiwa amejificha nyuma ya mikono ya watu: anatunyonyesha kwa matiti ya mama, anatulisha kwa jembe la mkulima. Katika Katekisimo Ndogo, anapoieleza ile ombi ya mkate wa kila siku, anahesabu ndani yake mahitaji yote ya mwili. Basi kuomba mkate wa kila siku ni kuwaombea pia wale wanaoosha chupa, wanaopima joto la tangi, na wanaoandika kwenye daftari kwamba usafi umekaguliwa. Mungu alipotaka hema lijengwe, kama tunavyosoma katika Kutoka 31, alimjaza Bezaleli Roho wake ili afanye kazi ya ufundi. Tumezoea kumwomba Roho kwa ajili ya mahubiri. Biblia inamtaja mapema mno juu ya mtu wa patasi na tanuru.

Dawa iliyo hai

Kwa nini tunazisimulia habari hizi sasa? Kwa sababu wakati wa ukungu wa Fleming umerudi kwa sura nyingine.

Siku hizi zimepatikana tiba ambazo dawa yake ni seli za mtu mwenyewe. Mwaka 2012, mjini Philadelphia, mtoto wa miaka sita aitwaye Emily Whitehead, aliyekuwa na saratani ya damu iliyokataa kila tiba, alitolewa damu, seli zake za kinga zikatengwa, zikawekewa maagizo mapya ya kuitambua saratani, zikakuzwa, kisha zikarudishwa mwilini. Alipona. Dunia inamjua Profesa Carl June aliyeongoza utafiti huo. Wachache wanamjua mwenzake Bruce Levine, ambaye tangu miaka ya 1990 alishughulika na namna ya kuzikuza seli hizo nje ya mwili kwa kutumia vishanga vidogo vya sumaku, akaja kuiongoza maabara inayozitengeneza. Huyo ni Heatley wa zamani zetu.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko ya penisilini. Dawa ya kawaida huweza kuchujwa mwishoni ili kuondoa vijidudu. Seli zilizo hai haziwezi, kwa maana kitakachozuia vijidudu kitazizuia na zenyewe, na moto utaziua. Kwa hiyo usafi lazima uwepo tangu tone la kwanza la damu hadi mfuko wa mwisho. Tena kila mfuko ni wa mgonjwa mmoja tu. Tangi kubwa la Brooklyn halisaidii hapa, kwa sababu kinachotengenezwa hakiwezi kugawiwa kwa mwingine. Jina likikosewa kwenye mfuko, mtu anaweza kufa. Wanaoifanya kazi hiyo hupaswa kumjua kila mgonjwa kwa jina lake, ingawa hawatauona uso wake kamwe.

Mwaka 2017 tiba hiyo ya saratani ya damu ilipoidhinishwa Marekani, bei yake ilitangazwa kuwa dola 475,000. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba ya seli kwa ajili ya selimundu. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Na watoto wengi zaidi wenye selimundu huzaliwa katika Afrika, kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zinazoongoza.

Wachungaji wenzetu wanawajua watoto hao. Tumeitwa usiku kuwaombea wakati wa maumivu ya mifupa. Tumewabatiza, na baadhi yao tumewazika kabla hawajafika kipaimara. Mtoto wa selimundu aliye chini ya miaka mitano hupewa kila siku kidonge cha penisilini ili maambukizi yasimchukue. Kidonge hicho ni kazi ya Heatley, nacho ni cha bei ndogo. Tiba ile ya seli ambayo ingeweza kumwondolea maumivu imekwisha kujulikana, lakini kwake ni kama penisilini ilivyokuwa kwa mkulima wa mwaka 1930. Ipo kwenye jarida.

Hatusemi hayo ili kukatisha tamaa. Hapa Tanzania upandikizaji wa uloto kwa ajili ya wagonjwa wa damu umekwisha kuanza, Muhimbili na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Vyombo vya kwanza vimeazimwa. Navyo bado ni vichache.

Tunayojifunza

Kanisa letu lina hospitali, zahanati, shule na vyuo. Tunapomsimika mchungaji, kengele hulia na kwaya huimba. Binti wa usharika wetu anapochaguliwa kusomea maabara, famasia au uhandisi wa viwanda, mara nyingi tunampongeza kwa sababu atapata ajira. Mara chache tunamwekea mikono na kumwambia kwamba hilo nalo ni wito, kwamba huenda Mungu akajificha nyuma ya mikono yake kwa ajili ya watu asiowajua. Tuanze kufanya hivyo. Jumapili tunapowaombea madaktari na wauguzi, tuwataje pia wanaotengeneza dawa, wanaozipima, wanaozihifadhi kwenye baridi na wanaozisafirisha. Na tunapopanga bajeti ya hospitali zetu, tusiione friji ya maabara au mashine ya kusafishia vifaa kama gharama ya pembeni inayosubiri mpaka jengo jipya lizinduliwe.

Pia tujifunze kuuliza. Dawa ikipatikana upande mmoja wa dunia na ikakosekana upande mwingine, swali la bei na la nani anamiliki ufundi si la wanasiasa peke yao. Dozi ya dola 20 ilishuka hadi senti 55 kwa sababu watu waliamua kwamba itengenezwe kwa wingi, wakaifanyia kazi. Ilichukua vita kuwalazimisha. Sisi tunaomwamini Kristo aliyewagusa wagonjwa hatupaswi kungojea vita.

Yule mjane, baada ya mafuta kukoma, alimrudia Elisha. Nabii hakumlaumu kwa kuazima vyombo vichache, wala hakumpa hotuba juu ya imani. Alimwambia auze mafuta, alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Watoto wawili waliokuwa wachukuliwe walibaki nyumbani. Vyombo alivyoazima vilikuwa vya majirani, na majina ya majirani hao hayakuandikwa. Lakini kila mmoja wao alifungua mlango, akaingia jikoni kwake, akatoka na chombo.